Anga Lilipopata Mkubwa Wake

Mtu aliyepigania kuliko wote marubani wapewe anga lao wenyewe, ndiye aliyepewa chumba pekee kisichokuwa na dirisha katika makao makuu mapya. Kilikuwa chini ya ardhi. Kuta zake zilipakwa chokaa ambayo haikukubali kukauka. Ukiegemea, bega la sare ya buluu hutoka na alama nyeupe. Katikati palikuwa na meza pana iliyotandikwa ramani, na juu ya ramani vipande vya mbao vilivyochongwa mfano wa ndege. Meja huyo alivisogeza kwa ncha ya fimbo, kama mtu mzima aliyelazimishwa kucheza mchezo wa watoto. Juu ya kichwa chake, upande wa pili wa zege, vijana aliowafundisha kuruka walikuwa wakiruka. Alizisikia injini zao kwa nyayo za miguu kabla hazijamfikia masikioni.

Zamani ndege zilikuwa mali ya Jeshi la Nchi Kavu, sawa na malori, nyumbu na masufuria. Kikosi cha Ndege kiliongozwa na kanali wa askari wa miguu aliyewahi kupanda ndege mara moja tu, akatapika ndani ya kofia yake. Hakuwa mtu mbaya. Lakini aliwahi kuuliza, mbele ya watu, kwa nini ndege isisimame juu ya kambi ikalinda kama askari wa zamu. Marubani walicheka mpaka wakajifuta machozi. Hawakucheka siku kanali huyohuyo alipomwamuru rubani mmoja, rafiki wa Meja tangu chuoni, aruke wakati ukungu umevifunika vilima, kwa kuwa mkuu wa brigedi alitaka kujua mto umefurika kiasi gani. Rafiki yule alieleza kuwa mbele hakuonekani. Akajibiwa kwamba hata askari wa miguu hutembea gizani. Akaruka. Ukungu ulipoondoka walimkuta ubavuni mwa mlima, ndege imejikunja kama karatasi iliyofinyangwa mkononi.

Tangu mazishi yale Meja alishika neno moja, akalitafuna kila palipokuwa na masikio ya kusikiliza: anayeiamuru ndege awe mtu anayeijua ndege.

Aliyempinga hadharani alikuwa ndugu yake wa tumbo moja. Kaka yake mkubwa aliongoza batalioni ya askari wa miguu, na askari wake walimwita Kisiki, kwa sababu akishika mahali hang'oki. Naye Kisiki tangu utotoni alimwita mdogo wake Kishada, kama kile cha karatasi kinachorushwa kwa uzi, kwa wembamba wake na kwa tabia yake ya kutazama juu mpaka anajikwaa. Jina hilo alilitumia hata mbele ya majenerali.

Baraza la Ulinzi lilipoketi kuamua kama ndege zitengwe ziwe jeshi la tatu, ndugu hao wawili waliitwa kutoa maoni siku moja. Meja alizungumza kirefu. Alisema ndege zikigawiwa kila brigedi ni sawa na maji kumwagiwa kila mtu tone kiganjani. Wote watalowa, hakuna atakayekata kiu. Ziwekwe katika mkono mmoja, mkono huo upige panapouma zaidi. Wajumbe walitikisa vichwa kwa kukubali. Kisiki aliposimama hakuzidisha maneno. Alisema hana ugomvi na marubani, kwani mmoja wao amekula nusu ya nyama yake tangu akiwa mtoto. Wajumbe wakacheka. Alingoja kicheko kiishe.

"Nikizingirwa," alisema, "sitahitaji hoja, nitahitaji ndege. Na wa kuileta atakuwa mtu aliyekaa mbali, asiyejua hata jina la kilima nilichopo."

Mwamba ngoma huvutia kwake. Baraza lilisikiliza pande zote, kisha likaivutia ngozi upande wa Meja. Jumapili iliyofuata walikula kwa mama yao kama kawaida. Mama alikwisha piga marufuku habari za majeshi mezani pake. Alisema amezaa mwana wa nchi na mwana wa anga, na hakuna hata mmoja anayejua kuosha sahani. Waliosha. Kisiki akisugua, Meja akisuuza, bega kwa bega kwenye sinki dogo, hawakusemezana neno juu ya Baraza. Kaka alimrushia mdogo wake povu usoni, basi yakaishia hapo. Au Meja alidhani yameishia hapo.

Siku ya kutengana, marubani na mafundi walipanga mstari mbele ya ghala la nguo. Walivua kaki upande mmoja wa mlango, wakatokea upande wa pili wamevaa buluu. Kitambaa kilikuwa kipya kiasi cha kuchuja rangi shingoni, na jioni ile kambi nzima ilikuwa na watu wenye makoo ya buluu wanaochekana. Meja alijiona mwepesi kama aliyetuliwa mzigo. Kesho yake Mkuu mpya wa Jeshi la Anga, mzee mwenye sauti ya chini aliyewafundisha wote kuruka, alimwita ofisini.

"Marubani wa kuruka ninao," Mkuu alimwambia. "Wa kufikiri ninaye mmoja. Utakaa chumba cha operesheni."

Sifa ile ilimfunga kama kufuli. Angewezaje kukataa? Kanuni za jeshi jipya alikuwa amezitunga yeye: kwamba hakuna kamanda wa ardhini atakayeiamuru ndege, kwamba maombi yote yatapita katika chumba kimoja, kwamba chumba hicho kitatazama vita vizima, si kilima kimoja. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Akashuka ngazi, akaizoea harufu ya chokaa mbichi, akawa anawarusha wengine. Asubuhi nyingine, akiwa amechoka, alijikuta anapumua kwa mdomo, kama mtu aliye ndani ya sanduku.

Vita vilipozuka mpakani havikumngoja mtu kujiandaa. Adui alivusha watu wake mtoni kwa daraja la chuma, na nyuma yao alianza kukokota mizinga mikubwa kuelekea darajani. Mvua zilizizuia ndege chini. Mawingu yalilala juu ya mto juma zima, na marubani wakawa wanacheza karata huku wakitazama juu. Kisha likapambazuka anga jeupe. Watabiri wa hali ya hewa walisema weupe ule hautafika jioni. Ndege zote zilizoweza kuruka zilipakiwa mabomu kwa ajili ya daraja, na Mkuu akateremka mwenyewe chumbani kuangalia.

Hapo ndipo redio ilipoita.

Fundi wa redio alikuwa koplo, mwanamke mwenye utulivu aliyezoea kuandika huku ametega sikio moja. Alisikiliza, kalamu ikasimama, akamtazama Meja. Alimwambia ni batalioni iliyo kwenye kiwanda cha mbao, juu ya bonde. Imezingirwa pande tatu. Inaomba ndege.

Meja hakuhitaji kuuliza jina la kamanda. Alichukua spika za masikio akazivaa. Sauti ya kaka yake ilikuja ikikwaruza, rasmi kabisa, kama ya mtu anayesoma tangazo. Adui yuko kwenye magogo, upande wa msumeno mkubwa na kwenye barabara. Majeruhi ni wengi. Risasi zinapungua. Anaomba msaada wa anga haraka iwezekanavyo. Hakuongeza kitu. Hakusema ni nani, wala hakuuliza anaongea na nani, ingawa wote wawili walijua.

Meja aligeuka. Mkuu alikuwa amesimama upande wa pili wa meza, mikono nyuma. Kwenye ramani, kati ya kiwanda na daraja, palikuwa na upana wa kiganja, na nyuma ya kiwanda mstari mwembamba wa korongo.

Alianza kusema kwamba pengine ndege chache zingeweza kutengwa. Alisikia sauti yake mwenyewe ikisema hivyo, na akasikia ilivyofanana na ya makanali wote aliowahi kuwacheka. Ndege zilikuwa haba. Daraja lile la chuma halikuwa la kupigwa nusu nusu. Mizinga ikivuka leo, kesho hapatakuwa na batalioni moja iliyozingirwa bali zote.

Mkuu hakumkatiza. Alimwacha amalize, kisha akamuuliza kwa sauti yake ya chini:

"Kama usingemjua aliye kule, ungesemaje?"

Feni ilikuwa ikizunguka. Koplo aliinamisha kichwa juu ya karatasi isiyokuwa na kitu.

"Daraja," Meja alisema.

"Basi toa amri. Kiti ni chako."

Alitamani Mkuu angempigia kelele. Alitamani angenyang'anywa fimbo, kiti, cheo na sare, ili baadaye aweze kusema kwamba alilazimishwa. Lakini hakuna aliyemlazimisha. Alinyanyua simu ya uwanjani, akasema neno moja la siri walilokubaliana, na punde sakafu ikaanza kutetemeka chini ya viatu vyake. Akavisukuma vipande vya mbao kwa fimbo, kimoja baada ya kingine, vikipita pembeni ya kiwanda kuelekea mtoni.

Kiwanda kiliita tena. Safari hii milio ilisikika nyuma ya sauti. Kisiki aliuliza kama maombi yake yamepokelewa. Koplo alijibu kwamba yamepokelewa. Aliuliza kama yamekubaliwa. Koplo akamtazama Meja, naye akatikisa kichwa kuzuia asijibu.

Kulikuwa na jambo ambalo hakuna mjumbe wa Baraza aliyelifikiria, wala yeye mwenyewe na werevu wake wote. Adui alikuwa akisikiliza mawimbi yale. Ukisema kwenye redio kwamba ndege haziji kiwandani, umemwambia adui kwamba zimekwenda kwingine, na hapakuwa na kwingine ila darajani. Mizinga ya kutungulia ndege ingeelekezwa juu kabla vijana hawajafika. Basi neno rahisi kuliko yote, neno ambalo mtu yeyote anastahili kuambiwa, lilikuwa halitamkiki. Na asipoambiwa, Kisiki angengoja. Angeshika pale pale, kwa sababu ndivyo alivyo, akiamini kwamba kimya cha mdogo wake maana yake ndege ziko njiani.

Sauti ilirudi mara ya tatu. Urasmi ulikuwa umemtoka.

"Kishada," ilisema. "Zinakuja au haziji? Nataka kujua tu, niwapange watu wangu."

Meja akamwambia koplo aondoe mkono kwenye swichi, akaishika mwenyewe.

Walipokuwa wadogo, baba yao aliahidi kuwafuata shuleni siku ya mvua kubwa. Watoto wote wakachukuliwa, uwanja ukabaki mtupu, wao wamesimama barazani. Baba hakuja. Hakuja siku ile wala siku zilizofuata, na haikuelezwa kamwe nyumbani kwao alikwenda wapi. Kaka mkubwa alipochoka kungoja alimshika mdogo wake mkono, akampitisha kwenye mfereji wa nyuma ya shule, maji yakiwa kifuani, mpaka wakafika nyumbani. Hawakuwahi kumsimulia mtu. Kulizungumza jambo lile kungekuwa sawa na kulifukua upya.

"Mama anakusalimu," Meja alisema kwenye redio. "Anakumbuka siku tuliyomngoja Baba shuleni."

Mawimbi yakakwaruza mpaka koplo akainua macho.

"Nimesikia," Kisiki alisema. Redio ikazimika.

Kuongea habari za nyumbani kwenye mawimbi ya vita lilikuwa kosa la kushtakiwa, na kanuni hiyo pia Meja alikuwa ameitunga. Mkuu alimtazama kwa muda. Akamuuliza koplo kama amenukuu mazungumzo yale. Koplo alijibu kwamba mawimbi yalikuwa mabaya, hakusikia vizuri. Mkuu akavaa kofia yake, akapanda ngazi bila kugeuka.

Daraja lilianguka. Ndege moja haikurudi, na rubani wake alikuwa kijana aliyekuwa bado na alama ya buluu shingoni. Makao makuu yalisherehekea kwa soda za moto, kwani friji lilikuwa limekufa. Magazeti yaliandika kwamba jeshi jipya limejithibitisha. Habari za kiwanda zilifika vipande vipande: kwamba batalioni ilishika mpaka alasiri, kisha ikateremka kwenye korongo la nyuma, majini, wamebebana, kwamba walioingia korongoni ni wachache kuliko walioanza asubuhi, kwamba kamanda alitoka wa mwisho, na mguu wake mmoja haukuweza kuokolewa.

Meja alikwenda hospitali akiwa na mama yake. Njiani Mama alishika pindo la shali yake tu. Wodini alimbusu mwanawe mkubwa paji la uso, akatengeneza shuka pale ambapo shuka lilikuwa limelala bapa mahali pa mguu, kisha akasema anakwenda kutafuta maji ya kunywa. Ndoo ya maji ilikuwa pale pale kando ya kitanda.

Kisiki alikuwa amekonda, ndevu zimemtoka nyeupe. Aliuliza kama daraja lilianguka.

"Lilianguka."

"Vizuri."

Meja alikuwa amekuja na maneno aliyoyapanga tangu nyumbani. Alianza kusema kitu juu ya korongo, kwamba alijua kaka yake ataelewa, na Kisiki akainua mkono wa kumnyamazisha.

"Nilikuelewa papo hapo," alisema polepole. "Asubuhi ile ile. Lakini nilikaa mpaka alasiri, kwa sababu sikutaka kukuelewa. Nilijiambia huenda unazungumzia kitu kingine. Huenda unasalimia tu." Alitazama dari. "Waliokufa mchana, Kishada, hao ni wangu, si wako. Usininyang'anye."

Meja angelaumiwa, au angesamehewa, angejua pa kuuweka mwili wake. Sasa alikaa kwenye kiti cha chuma, mikono juu ya magoti, hana mlango wa kutokea upande wowote. Mama aliporudi aliketi katikati yao akaanza kusimulia habari za jirani na bomba lake lililopasuka, mpaka saa ya wageni ikaisha.

Juma lile lile alimwendea Mkuu. Alimwambia kwamba jeshi liliwekewa macho ya kuona mbali, likasahaulika kuwekewa mdomo. Alitaka kila batalioni ipewe afisa wa anga wa kuishi nayo shimoni, mwenye redio yake na misimbo yake ya siri, anayeweza kumwambia kamanda ukweli ana kwa ana, uwe mtamu au mchungu. Mkuu alisema ni wazo jema. Wapelekwe marubani vijana wasio na kazi. Meja akasema wa kwanza atakuwa yeye. Mkuu alibishana naye, akamwahidi kumrudisha kuruka, jambo ambalo Meja aliliomba mara nyingi na kunyimwa. Alikiri moyoni kwamba ahadi ile ilimchoma. Lakini alishika alilosema, na Mkuu akamwachia, kwa uso wa mtu anayeona chombo kizuri kikitumiwa kuchimbia.

Akapelekwa batalioni ya kaka yake, ile ile, iliyojazwa upya na kupewa kamanda mwingine. Ilikuwa imejichimbia kwenye mteremko juu ya mto. Askari wa zamani, wale wa kiwandani, waliijua sare yake kabla hawajaujua uso wake. Hawakumtukana. Walimwita Meja, wakampa chakula chake kwa zamu yake, na kila alipokaa mazungumzo yakahamia kwingine. Buluu ile mpya ilionekana toka mbali kati ya kaki iliyofubaa, mpaka akaipaka matope mwenyewe kwa viganja. Shimo lilikuwa jembamba kuliko chumba cha operesheni. Mabega yaligusa udongo huku na huku, ila ukiinua macho palikuwa na ufito wa anga.

Asubuhi moja ya weupe alikuwa akifunga waya wa redio, sajini mmoja mwenye kovu jipya la moto shavuni akichimba kando yake. Walikuwa wamefanya kazi hivyo tangu alfajiri pasipo kuambiana kitu. Mvumo ukaanza nyuma ya vilima. Sajini aliacha kuchimba. Wengine pia, shimoni kote. Nyuso zilielekea juu, kisha, moja baada ya nyingine, zikamgeukia yeye.

Meja alisimama wima, akatega sikio. Aliwajua kwa sauti. Aliweza hata kutambua injini iliyokuwa na kikohozi ambacho fundi hakukimaliza, na akajua ni kijana gani aliyekuwa ameshika usukani, na jinsi usukani ule unavyotetemeka mkononi.

"Wetu?" sajini aliuliza.

"Wetu."

"Wanakuja kwetu?"

Ndege zilitokea juu ya ukingo, zikimeta, zimejipanga vizuri sana. Zilikuwa juu mno.

"Hapana," Meja alisema. "Wanapita. Leo hapatakuwa na ndege hapa. Mwambie kamanda ninakuja kumwambia mwenyewe."

Sajini alizitazama mpaka zikawa nukta, na mvumo ukabaki peke yake, kisha nao ukaondoka. Alitemea mate viganja, akashika sepetu upya.

"Basi inama, Meja," alisema bila kumtazama. "Kichwa chako kinaonekana."

Meja akainama.